Mteja Asiye na Vidole

Redio ya Shangazi, ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisimwagike, ilimaliza matangazo ya vifo ikaingia kwenye habari. Bwana mkubwa wa mawasiliano, kwa sauti ya mtu aliyetoka kula sasa hivi, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu laini zote za simu ambazo wenyewe hawajafika kuweka vidole upya zitazimwa. Akarudia: zote. Akaongeza kuwa uchunguzi umegundua wananchi wengi wanatumia laini za marehemu, na kwamba jambo hilo halikubaliki, kwa kuwa marehemu hapigi simu.

"Kumbe wanajua," akasema Shangazi, huku akimimina kahawa. "Mie nilidhani hawajui, maana siku ya kura marehemu hupanga foleni tangu alfajiri."

Benchi zima likacheka. Benchi lenyewe ni ubao wa jukwaa la ujenzi uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la vioo ambalo mwenyewe alifilisika. Aliyeuleta ubao ule ni Saruji, fundi mwashi, na siku hiyo alikuwa yeye peke yake asiyecheka. Alikaa pembeni kabisa, na mabuti yake ya mpira, mikono kaibana kwapani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa linachoma.

Kesho yake Saruji alikuwa asafiri. Binti yake wa pekee, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, wiki nzima yuko barabarani. Mama wa binti angekuwepo angekwenda yeye, lakini mama hayupo, amelala makaburini mwaka wa tatu huu. Amebaki baba. Tiketi ilishatumwa, pasi ilishatoka, begi lilishafungwa kamba. Binti alimwambia jambo moja tu: "Baba, sitaweza kuja kukupokea, nina mshono. Ukitua, nunua laini palepale uwanjani unipigie, nikuelekeze njia."

Nunua laini. Neno dogo hilo lilikuwa limemkaba Saruji usiku kucha. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba haendi, na hakuwa amemwambia mtu.

"Saruji, kesho ndiyo kesho," akasema Transiti. "Laini umeifikiria? Maana ukitua kule bila laini wewe ni mzigo tu. Tena afadhali mzigo, mzigo una namba."

Huyu Transiti ndiye mtaalamu wa ng'ambo wa kijiwe. Alisafiri mara moja katika maisha yake, akaishia kwenye uwanja wa ndege: karatasi fulani ilipungua, wakamkalisha kwenye viti vya chuma mpaka ndege ya kumrudisha ikapatikana. Tangu siku hiyo hakuna jambo la nchi za watu asilolijua.

"Si atanunua hukohuko," akasema Shangazi. "Binti kasema. Laini ya kulipia kabla."

"Kabla ya nini?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Wakili. Wakili hakusomea uwakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, kabeba mafaili ya watu mpaka sheria ikamwingilia mabegani.

"Kabla tu, mzee wangu," Shangazi akamjibu.

"Kabla haikai peke yake, Shangazi. Kisheria kabla lazima iwe na mwenzake. Kabla ya kusafiri? Kabla ya kupiga? Kabla ya kufa?"

"Kabla ya kuongea! Unalipa kwanza, unaongea baadaye."

"Ahaa!" Wakili akanyoosha kidole kuelekea barabarani, ambako vumbi lilikuwa limesimama kama pazia. "Basi ni kama sisi na lami hii. Tulilipia kabla. Wakaja wakapima, wakapiga vigingi, wakatupiga picha tukishangilia vigingi. Tukaambiwa baadaye. Nami baadaye nimeisubiri mpaka meno yameisha."

"Vigingi vipo lakini," akasema Transiti.

"Vipo. Mbuzi wa jirani wamefungwa hapo. Maendeleo ya mbuzi."

Transiti akasogea katikati ya ubao, dalili kwamba anataka uwanja wote uwe wake. "Sikilizeni, laini ya kule si mchezo. Unafika dirishani. Kuna dada nyuma ya kioo, anakuchekea. Ukiona anakuchekea, ujue umekwisha. Anakwambia chagua: hii ya wiki, hii ya mwezi, hii ina intaneti lakini haina sauti."

"Haina sauti?"

"Bubu kabisa, Shangazi. Inaona, haisemi. Halafu anakupa kipini kama cha kutolea mwiba, unaichoma simu ubavuni, inatoa ulimi. Unatoa laini yako ya nyumbani, unatia ya kwao. Sasa hapo ndipo watu wanapopotea. Ya nyumbani utaiweka wapi? Ni kitu kidogo kama ukucha! Nilimwona jamaa kwa macho yangu haya, kaiweka mdomoni isipotee. Mara akashikwa na chafya."

"Usiniambie."

"Akaimeza. Mkewe kule nyumbani akawa anampigia. Tumbo likaita."

"Transiti!"

"Likaita, naapa! Likaita mara mbili, kisha likasema mteja unayempigia hapatikani."

Shangazi akalazimika kuweka birika chini, maana kahawa ilikuwa inamwagika kwenye kanga. Wakili akafuta machozi kwa tai yake, ile anayoivaa hata akienda kuchota maji. Hata Saruji midomo ilimcheza kidogo. Lakini Transiti alikuwa bado hajamaliza, na laiti angemaliza hapo.

"Bado vidole. Kule wanachukua vyote kumi, tena na mboni za macho, na sikio wanalipima kwa rula. Mashine ikikukataa inalia kama gari la zimamoto. Wanakuja mabaunsa wawili wamevaa glavu. Hawakuulizi kitu. Wanakubeba hivi, juujuu, watu wote wanakutazama."

Saruji akaweka kikombe chini taratibu.

"Basi siendi," akasema.



"Huendi wapi?" Shangazi akauliza.

"Ng'ambo. Siendi. Tiketi watairudisha."

"Ala! Baba mzima anaogopa ndege?" akasema Transiti. "Wewe si ndiye unaning'inia kwenye ghorofa kwa kamba ya kufungia ng'ombe?"

"Haogopi ndege huyo," akasema Wakili. "Anaogopa kumwogesha mtoto. Anajua mkono wake, atampiga lipu badala ya poda."

"Lipu, kisha amsubiri akauke ndipo ampake rangi!"

"Nyamazeni nyie." Shangazi alikuwa amemtazama Saruji usoni na hakuona mzaha. "Kaka yangu, mwanao kachanwa tumbo. Yuko peke yake kwenye nyumba ya watu, anaamka usiku kumbeba mtoto ilhali ana nyuzi. Kakuita. Hakumwita mwingine. Sasa nipe sababu, tena iwe sababu ya mtu mzima."

Saruji akatoa mikono kwapani. Akaiweka juu ya magoti, viganja juu, kama anayeonyesha samani iliyovunjika.

"Tazameni basi."

Wakainama. Shangazi akashika kidole gumba, akakipapasa, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Kilikuwa laini, kinang'aa, kama mgongo wa kijiko. Vyote vilikuwa hivyo. Chokaa, saruji mbichi, mchanga na matofali vilikuwa vimekula kila kitu, mwaka baada ya mwaka, mpaka vidole vikabaki kama vya sanamu.

"Mashine hainioni," akasema Saruji. "Walipoanza kusajili laini walitaka jina, nikatoa jina. Wakarudi wakasema majina yamepotea, leteni picha. Nikapeleka picha. Wakarudi wakasema picha hazitoshi, leteni vidole. Nikapeleka kumi. Mashine ikasema jaribu tena. Nikajaribu tena. Foleni nyuma yangu ikaanza kunitukana. Yule kijana wa ofisini akaniambia, mzee, nenda ukaoge. Mbele ya watu! Nilikuwa nimeoga."

"Na pasi ya kusafiria uliipataje?" Wakili akauliza, sheria ikianza kumwasha mabegani.

"Kuna mahali kwenye kompyuta yao pa kutia alama. Karani alijaribu kimoja kimoja, akachoka, akaenda kula, akarudi, akajaribu tena. Mwisho akatia alama: mwombaji hana vidole."

"Hana vidole!"

"Ndivyo nilivyo. Kisha akanipa kalamu nisaini."

"Na ukasaini kwa nini?"

"Kwa hivihivi visivyokuwepo."

Transiti akajigonga paja. "Kwa hiyo nchi hii inaamini kwamba nyumba zote za mtaa huu umezijenga kwa viwiko!"

Wakacheka, na Saruji naye akacheka, kisha cheko lake likageuka kitu kingine, shingo ikamtoka mishipa.

"Lile jengo la vitambulisho nani aliliinua? Nani? Mimi hapa. Niliomba glavu. Wakasema ziko njiani. Nikachimba msingi, ziko njiani. Nikamwaga zege, ziko njiani. Siku ya kuzindua akaja bwana mkubwa na mkasi wa kukata utepe, na mkononi kavaa nini? Glavu! Nyeupe! Za kushikia mkasi! Ndizo zilizokuwa njiani zile. Sasa leo ananiuliza alama zangu ziko wapi. Ziko ukutani kwake! Palepale karani anapoegemeza kiti. Wakwangue rangi, watazikuta zote."

 Hapohapo simu ya Saruji ikalia mfukoni, mlio mfupi wa ujumbe. Akaitoa, akaisoma, akampa Shangazi.

Shangazi akasoma kwa sauti, halafu sauti ikampungua. "Mpendwa mteja..." Likafuata jina la mke wa Saruji, kamili, la kwanza, la baba na la ukoo. "Unaombwa kufika mwenyewe, ukiwa na vidole vyako, kabla ya Jumatatu."

"Kufika mwenyewe," Wakili akarudia polepole.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Siku ile mashine ilipomkataa Saruji, mkewe ndiye aliyesogea akaweka chake, anacheka, akimwambia mbele ya foleni: "Sasa siku ukinikimbia, simu unaniachia." Hakukimbiwa. Alitangulia yeye. Na tangu hapo kila ujumbe wa kampuni ulikuja kwa jina lake: hongera mama, umeshinda dakika, mama, kifurushi chako kinakaribia kuisha. Saruji hakufuta hata mmoja.

"Jumatatu nitakuwa sina laini hapa," akasema. "Na kule sitapata, mashine ni ndugu, zinajuana. Nitasimama katikati ya uwanja wa watu, sina namba, sina vidole, mtoto wangu ananisubiri na mimi simpati. Nikabebwe juujuu? Heri nibaki. Ataambiwa baba kaugua."

Shangazi akasimama. Alipofunga kanga upya kiunoni, kila mtu alijua kwamba soga zimekwisha na kazi imeanza.

"Wakala!" akaita upande wa pili wa barabara. "We Wakala! Njoo na hicho kidude chako!"

Wakala alikuwa mwanamke mnene mwenye mwavuli wa rangi za kampuni na mashine ndogo inayoning'inia shingoni. Akavuka vumbi, mdomo tayari uko kazini. "Nani anasajili? Kama ni Fundi sitaki. Mashine yangu ikimwona inazima yenyewe."

"Jaribu."

"Nimeshajaribu, Shangazi. Mara ya mwisho iliniuliza kama nimeweka kijiko."

"Jaribu, dada yangu, kahawa ni juu yangu."

Akajaribu. Kidole gumba: mlio mbaya, jaribu tena. Shangazi akakipaka mafuta ya mgando: jaribu tena. Transiti akashauri ndimu, ikaletwa ndimu, ikakamuliwa: jaribu tena. Wakili akashauri wakipulizie mvuke wa birika, na Saruji akaunguzwa bure. Cha shahada, cha kati, cha pete. Jaribu tena, jaribu tena, jaribu tena. Watu wakaanza kukusanyika, na Saruji akaanza kurudisha mikono kwapani.

"Lakini hii mashine ni mjinga kabisa," Wakala akalalamika, akijipangusa jasho. "Haitaki makuu. Inataka mistari tu. Haiulizi hata ni kidole gani, inasema weka kidole."

Wakili akageuka ghafla kama aliyeumwa na siafu. "Sema tena."

"Weka kidole."

"Na tangazo la bwana mkubwa lilisemaje? Shangazi, soma ujumbe!"

"Ukiwa na vidole vyako."

"Vidole!" Wakili akapanda juu ya ubao, tai inapepea. "Waheshimiwa, vidole vya wapi? Sheria imenyamaza! Binadamu ana vidole ishirini. Hapa tumejaribu nusu tu ya ushahidi!"

Macho yote yakashuka. Yakatua kwenye yale mabuti.

"Hapana," akasema Saruji.

"Vua," akasema Shangazi.

"Mbele za watu?"

"Ulisema utabebwa juujuu mbele za watu. Chagua. Vua!"

Buti la kulia likatoka kwa sauti ya mtu anayenyanyuka matopeni. Transiti akahama benchi. Hata mbuzi mmoja kule kwenye vigingi alinyanyua kichwa. Lakini mguu wenyewe ulipotokea, kijiwe kizima kikashangaa: mweupe kwa kukosa jua, laini, mnene, mguu wa meneja wa benki. Miaka yote hiyo dunia ilipokuwa inamla Saruji mikono, mguu ulikuwa umestarehe kwenye mpira wake.

Shangazi akaumwagia maji ya vikombe, akaupangusa kwa upindo wa kanga. Wakala akachuchumaa, akanong'ona kitu kuhusu kazi aliyoiomba na kazi aliyoipata, akakandamiza mashine kwenye kidole gumba.

Mashine ikafikiri. Ikafikiri sana. Kisha ikatoa mlio mtamu, na taa ya kijani ikawaka.

"Imekubali!" Wakala akapiga kelele. "Mama yangu, imekubali!"

Kijiwe kililipuka. Vikombe vilianguka. Transiti alikuwa anamkumbatia mtu asiyemjua. Simu ya Saruji, ikiwa tayari na laini mpya, ikalia: Mpendwa mteja, karibu, na hapo likafuata jina lake yeye, kamili, la kwanza, la baba na la ukoo. Akalisoma mara kadhaa, kana kwamba ni jina la mtu aliyewahi kusikia habari zake.

"Kisheria," akatangaza Wakili kutoka juu ya ubao, "kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, wewe ni raia."

"Na hii ya zamani niitupe?" Wakala akauliza, laini ya mkewe ikiwa kwenye ncha ya ukucha.

"Thubutu!" Saruji akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kisha akajitenga hatua chache, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine peku juu ya vumbi, akampigia binti yake. Kijiwe kikanyamaza kwa heshima, huku masikio yote yamesimama.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Baba yako."

"Baba? Namba ya nani hii?"

"Yangu."

 Huko kitoto kilisikika kikikoroma. "Na ya mama?"

"Ninayo hapa kifuani. Nakuja nayo. Kesho natua."

"Nilidhani umeghairi, baba, sauti yako juzi..." Binti akavuta pumzi, akajikaza. "Haya, sikiliza vizuri. Ukitoka tu, mkono wa kushoto, kuna dirisha la laini. Kuna dada, usimwogope. Mwambie laini ya kulipia kabla. Ataomba pasi yako, basi. Akizidi sana atataka uweke kidole—"

"Cha wapi?"

"Nini?"

"Cha wapi, mwanangu? Niambie mapema, nijue navaa viatu gani."